Taji na Namba: Bunduki za Vita Kutoka Lugalo Hadi Abercorn

Mapigano ya Lugalo yalikwisha kabla jua halijawa kali. Ilikuwa tarehe 17 Agosti 1891, mashariki ya mahali ulipo leo mji wa Iringa. Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la Wajerumani ambaye watu wa Pwani walimpa jina la Nyundo, alikuwa akiongoza msururu mrefu wa askari na wapagazi. Askari wake wengi walikuwa Wasudani na watu kutoka Msumbiji. Walitembea mmoja nyuma ya mwenzake katika njia nyembamba, na Wahehe walikuwa wamejilaza majanini na nyuma ya mawe pembeni mwa njia hiyo. Ishara ilipotolewa waliinuka kwa pamoja na mikuki. Askari wengi hawakupata nafasi ya kupiga zaidi ya risasi moja au mbili. Waliuawa Wazungu 10, Zelewski akiwa mmojawapo, pamoja na askari wapatao 250 na wapagazi wengi. Bunduki karibu 300 zilibaki chini.

Ushindi huo umesimuliwa sana, na mara nyingi husimuliwa kwa upande wa mkuki. Mimi nataka kuzifuata bunduki, kwa sababu kila moja iliyookotwa siku hiyo ilikuwa na maandishi ubavuni. Mtawala wa Uhehe, Mkwawa, alipata kwa asubuhi moja ghala la chuma lililopigwa mataji, herufi na namba. Ajuaye kusoma alama hizo angeweza kumwambia kila bunduki imetoka mji gani na imetengenezwa mwaka gani.

Askari wa Zelewski walibeba bunduki za modeli ya 71. Ndugu wawili wa mji wa Oberndorf, Paul na Wilhelm Mauser, ndio walioibuni, na Ujerumani ikaipokea mara tu baada ya dola yake kuungana mwaka 1871. Ilikuwa bunduki nzito ya milimita 11. Ulitia risasi moja, ukapiga, ukavuta bolti, ukatoa ganda, ukatia nyingine. Ilitumia baruti nyeusi, na kila mlio uliacha wingu la moshi lililomfichua mpigaji. Mwaka 1888 jeshi la Ujerumani huko Ulaya lilipata bunduki mpya ya baruti isiyo na moshi, na zile za 71 zikatafutiwa kazi kwingine. Makoloni yalipokea kile ambacho Berlin haikukitaka tena. Hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka 20, na tutaikuta tena mwaka 1914.

Ukiishika bunduki ya miguu ya aina hiyo, tazama ubavu wa kushoto, pale mtutu unapoungana na mwili. Utaona maandishi ya Kijerumani ya kale, yale yenye kona na mikia: I.G.Mod.71, yaani bunduki ya askari wa miguu, modeli ya 71. Mahali pengine kuna jina la kiwanda. Viwanda vya serikali vilikuwa Spandau, Erfurt na Danzig kwa upande wa Prussia, na Amberg kwa upande wa Bavaria. Nyingine nyingi zilitengenezwa Steyr, nchini Austria, kwa kuwa viwanda vya Wajerumani havikuweza kutosheleza mahitaji. Halafu kuna herufi ndogo ndogo, kila moja ikiwa na taji kichwani, zimetawanyika juu ya chuma. Mgeni huzidhania pambo. Kila taji na herufi yake ni sahihi ya mkaguzi mmoja kiwandani. Mmoja alipima mtutu, mwingine bolti, mwingine ugumu wa chuma, na kila aliyeridhika alichukua nyundo na mhuri wake akapiga. Mtutu ulipopigwa risasi ya majaribio yenye baruti nyingi kuliko kawaida na usipasuke, ulipewa alama yake pia. Kwenye mbao ya kitako ulipigwa mhuri wa mfalme, W yenye taji kwa Wilhelm au L kwa Ludwig wa Bavaria.

Namba ndizo huwachanganya watu. Viwanda vya Ujerumani vilianza kuhesabu upya kila mwaka. Vilipofika karibu na 10,000 vilirudi kwenye 1 na kuongeza herufi a, kisha b, na kuendelea hivyo. Kwa hiyo bunduki nyingi zinaweza kuwa na namba 4512, na namba peke yake haitambulishi chochote. Inatakiwa isomwe pamoja na kiwanda, mwaka na herufi ya mwisho. Tarakimu mbili za mwisho zilirudiwa kwenye vipande vidogo: skrubu, pete za mtutu, sehemu za bolti. Bunduki ambayo namba zake zote zinalingana haijawahi kufunguliwa na fundi wa haraka. Ile ambayo bolti ina namba yake na mtutu una yake imepita mikononi mwa watu waliokuwa wakiunganisha vipande vya bunduki mbili au tatu ili wapate moja inayopiga. Katika silaha za Afrika Mashariki aina hii ya pili si ajabu.

Prussia ilikuwa hata na kitabu cha amri kuhusu namna ya kupiga mihuri ya vikosi, kilichotolewa mwaka 1877 na kufanyiwa marekebisho mwaka 1909. Alama kama 12.R.3.45 kwenye bamba la kitako ilisomeka hivi: kikosi cha 12 cha askari wa miguu, kombania ya 3, silaha ya 45. Bunduki ilipohamishwa, alama ya zamani ilipigwa mstari na mpya ikawekwa kando yake. Silaha za majeshi ya makoloni zilipewa herufi K.S., kifupisho cha Kaiserliche Schutztruppe, jeshi la ulinzi la Kaizari. Herufi hizo zinaonekana zaidi kwenye bunduki zilizopelekwa Afrika ya Kusini-Magharibi, Namibia ya leo, kuliko kwenye zile zilizoletwa huku.

Lakini Nyanda za Juu Kusini hazikuanza kuona bunduki kwa Wajerumani. Misafara ya pembe za ndovu ilikuwa imepita Usangu na Uhehe kwa miongo kadhaa, na misafara haikutembea bila gumegume. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 huingia bara kila mwaka kupitia mwambao huu. Nyingi zilikuwa takataka za Ulaya. Majeshi yaliponunua bunduki za kutia risasi nyuma, zile za kushindilia kwa mdomo ziliuzwa kwa mizani, zikakarabatiwa na kusafirishwa hadi Unguja. Soko kubwa la biashara hiyo lilikuwa mji wa Liège, Ubelgiji. Mtutu uliopimwa huko hujulikana kwa duara lililobonyea kama yai lenye herufi ELG ndani yake na nyota chini. Kuanzia mwaka 1893 Wabelgiji waliongeza taji juu ya duara hilo, na badiliko hilo dogo ni msaada mkubwa: ELG isiyo na taji ni ya kabla ya 1893. Bunduki za Kiingereza za wakati huo zilikuwa na taji na neno TOWER kwenye bamba la mtambo. Alama hiyo iliaminiwa sana sokoni, na kwa sababu iliaminiwa iliigwa pia. TOWER iliyopigwa na mtu asiyejua Kiingereza si adimu.

Kughushi alama ni kazi ya zamani, na waghushi hodari kuliko wote walikuwa mafundi wa milima ya mpakani kati ya Afghanistan na India ya Waingereza, Pakistan ya leo. Walitengeneza nakala nzima za bunduki za Kiingereza kwa tupa na nyundo, pamoja na mihuri yake. Walichokosa ni kusoma. N zilitoka zikiwa zimegeuka, na herufi VR za Malkia Victoria ziliendelea kupigwa kando ya miaka ambayo malkia hakuwepo tena. Victoria alifariki Januari 1901. Bunduki yenye VR na mwaka 1907 haijatoka kiwandani Enfield, hata muuzaji akila yamini.

Mwezi Julai 1890, mwaka mmoja kabla ya Lugalo, mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Mkataba huo hukumbukwa kwa habari ya utumwa, na ni haki ukumbukwe hivyo. Ndani yake hata hivyo kuna vifungu virefu kuhusu silaha. Vilikataza kuingiza bunduki za kisasa katika eneo lote la Afrika lililo kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Mtu binafsi aliyepewa ruhusa maalumu alitakiwa silaha yake iandikwe kwenye daftari na kupigwa alama na mamlaka, kisha akabidhiwe leseni yenye jina lake na mfano wa alama hiyo. Leseni ilidumu miaka 5. Shabaha ya mpango huo haikufichwa sana. Bunduki nzuri zibaki mikononi mwa serikali za kikoloni na Wazungu, na Mwafrika abaki na gumegume au gobore. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 ilipoziagiza nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika kupiga alama kila silaha inapotengenezwa na inapoingizwa nchini, ilifanya jambo linalofanana na lile la 1890 kwa mkono, ingawa kwa nia nyingine.

Kwa hiyo bunduki karibu 300 za Lugalo zilikuwa mali ambayo Mkwawa asingeweza kuinunua popote. Tatizo lilikuwa risasi. Gumegume hula chochote: baruti ya msafara, kipande cha chuma, hata kokoto ya duara. Modeli ya 71 hula risasi yake tu, ya milimita 11, yenye ganda la shaba nyeupe na fataki kitakoni mwake. Risasi zilizookotwa zilipokwisha hapakuwa na duka. Oktoba 1894 gavana mwenyewe, Friedrich von Schele, alikuja na jeshi kubwa kuivamia Kalenga, makao ya Mkwawa. Ngome ilikuwa na ukuta wa mawe na udongo uliozunguka mji, na ndani Wajerumani walikuta shehena kubwa ya baruti na pembe. Ukuta ulipandwa tarehe 30 Oktoba. Kalenga ilianguka, na Mkwawa akaponyoka.

Hapo ndipo simulizi za Lugalo na Kalenga zinapotofautiana kwa namna ambayo wengi huipita haraka. Lugalo, Wahehe walishinda hasa kwa mikuki, kwa kuchagua mahali na wakati. Kalenga walikuwa nazo, nao walikuwa wamejifungia nyuma ya ukuta, mahali ambapo mizinga na bombomu hufanya kazi vizuri zaidi. Sioni kwamba silaha zilizotekwa zilimsaidia sana Mkwawa. Pengine zilimpa imani katika ukuta ambayo mkuki usingempa.

Vita vya msituni viliendelea miaka minne. Tom Prince, afisa wa Wajerumani ambaye watu walimwita Bwana Sakarani, aliweka kituo Iringa mwaka 1896. Kichwa cha Mkwawa kilitangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, Mlambalasi, alipoona amezingirwa, alijipiga risasi. Fuvu lilichukuliwa, likatajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na hatimaye likarudishwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954 na Gavana Edward Twining. Fuvu lina jumba la makumbusho na siku ya kumbukumbu. Bunduki za Lugalo hazina. Zilirudishwa moja moja, kwa kusalimishwa au kunyang'anywa, zikaingia tena maghalani.

Nchi ilipotulizwa kwa nguvu, majeshi yaligawanywa katika kombania. Kombania ya 2 iliwekwa Iringa pamoja na Ubena. Ya 5 iliwekwa Masoko, karibu na Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg. Mbeya haikuwepo bado. Mji huo ulianza mwaka 1927, dhahabu ya Lupa ilipowavuta watu. Vita vya Maji Maji vilipowaka mwaka 1905, Wabena waliishambulia misheni ya Yakobi karibu na Njombe, na Wahehe wengi wakapigana upande wa serikali. Bunduki za modeli ya 71 zilikuwepo katika vita hivyo vyote, zikiwa na umri wa kutosha kuwa na wajukuu.

Na bado zilikuwepo Agosti 1914. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alikuwa na kombania 14 na askari wapatao 2,500, na nyingi ya kombania hizo zilibeba bunduki zilezile za moshi. Chache zilikuwa zimepata modeli ya 98. Hii ni bunduki ya namna nyingine kabisa: risasi tano kwenye magazini, milimita 7.92, baruti isiyo na moshi. Ubavuni imeandikwa Gew. 98, na juu, pale mtutu unapoingilia mwili, kuna taji, jina la kiwanda na mwaka. Askari mwenye 71 aliyepambana na adui mwenye bunduki ya kisasa alijitangaza kwa kila risasi. Moshi wake ulielekeza bombomu za adui mahali alipo.

Kuanzia hapo vita vya Afrika Mashariki vinaweza kusomwa kama orodha ya silaha zilizobadili mikono. Tanga, Novemba 1914, jeshi kubwa kutoka India lilitua na kutimuliwa. Liliacha ufukweni bunduki 455, bombomu 16 na risasi 600,000. Lettow-Vorbeck alipata za kutosha kuzipa kombania tatu silaha za kisasa. Tangu siku hiyo askari wa Kaizari walianza kubeba alama za mfalme wa Uingereza. Bunduki fupi ya Lee-Enfield husomwa upande wa kulia, kwenye mkanda wa chuma nyuma ya bolti. Kuna taji, herufi GR za Mfalme George, kiwanda, mwaka, na maneno Sht. L.E. Kiwanda chaweza kuwa Enfield, au B.S.A. Co. ya Birmingham, au L.S.A. Co. ya London. Zilizotengenezwa Ishapore, India, huwa na GRI, kwa kuwa huko George alihesabiwa kuwa mfalme na kaizari pia. Mali ya serikali ya Uingereza hupigwa mshale mpana wenye mistari mitatu inayokutana. Mshale wenye herufi I chini ni wa serikali ya India, na ule uliomo ndani ya U ni wa Muungano wa Afrika Kusini. Mishale miwili iliyogusanisha ncha ina maana kwamba silaha imeuzwa nje ya jeshi.

Alama hizo za mshale ziliingia Nyanda za Juu Kusini kutoka kusini. Mwishoni mwa Mei 1916 Jenerali Edward Northey wa Waingereza alivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini akiwa na askari wa King's African Rifles (K.A.R.), polisi wa Rhodesia na askari wa Afrika Kusini. Neu Langenburg ilitekwa siku chache baadaye. Julai kulikuwa na mapigano Malangali. Tarehe 29 Agosti Iringa ikaangukia mikononi mwa Waingereza. Miezi miwili baadaye Jenerali Wahle wa Wajerumani, aliyekuwa akirudi nyuma kutoka Tabora, aliivuka nchi hiyohiyo kwa nguvu akitafuta kuungana na Lettow-Vorbeck, na vijiji vya njiani vikaporwa chakula na pande zote mbili. Kikosi chake kimoja kilijisalimisha Ilembule, Novemba 1916.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wapenzi wa bunduki hulisahau. Hakuna bunduki iliyofika Njombe ikitembea yenyewe. Risasi 600,000 ni mizigo mingi ya kichwani, na kila mzigo ulikuwa na mtu chini yake. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam limebaki kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Bunduki ya kila askari ilipewa namba. Wapagazi waliokufa kwa njaa, kuhara na baridi ya milima ya Ubena, wengi hawakuandikwa popote.

Mwisho wa mwaka 1917 Wajerumani walikuwa wamesukumwa hadi mto Ruvuma. Risasi za bunduki zao zilikuwa zimekaribia kwisha. Meli mbili zilikuwa zimepenya mzingiro wa Waingereza baharini, Rubens mwaka 1915 na Marie mwaka 1916, lakini hapakuwa na ya tatu. Tarehe 25 Novemba 1917 walivuka na kuishambulia kambi ya Wareno Ngomano, mahali Lujenda unapoingia Ruvuma. Meja Teixeira Pinto aliuawa, na kambi ikatoa mamia ya bunduki na risasi robo milioni. Bunduki za Kijerumani zisizo na risasi ziliharibiwa, na sehemu kubwa ya kikosi ikachukua za Wareno.

Bunduki za Wareno zina kichekesho chake. Katika majeshi yao ya Afrika kulikuwa na aina mbili kubwa. Moja ni Kropatschek, iliyotengenezwa Steyr mwaka 1886, katika mji uleule wa Austria uliotengeneza nyingi za modeli ya 71. Nyingine ni Mauser-Vergueiro ya mwaka 1904, milimita 6.5. Juu yake kuna taji na herufi za Mfalme Carlos wa Kwanza zilizofumana. Carlos aliuawa Lisbon mwaka 1908, na ufalme wenyewe ulifutwa mwaka 1910, lakini taji halikufutwa kwenye chuma. Ubavuni mwake umepigwa muhuri wa mtengenezaji: Deutsche Waffen- und Munitionsfabriken, Berlin. Askari wa Kijerumani aliyeteka bunduki hiyo kwa Mreno aliirudisha mikononi mwa taifa lililoiunda na kuiuza.

Mwishoni mwa Septemba 1918 Lettow-Vorbeck alirudi. Alivuka Ruvuma kuelekea kaskazini, akapita upande wa Songea hadi Ubena, akamwacha Wahle mgonjwa huko Waingereza wamchukue, kisha akageukia magharibi. Alipita Mbozi, akaingia Rhodesia ya Kaskazini karibu na Fife, akafika Kasama. Huko zikamfikia habari kwamba vita vimekwisha Ulaya. Tarehe 25 Novemba 1918, mwaka mmoja kamili tangu Ngomano, alisalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala.

Hesabu ya siku hiyo aliiandika mwenyewe: mzinga mmoja wa Wareno, bombomu 37 ambazo 7 tu kati yake zilikuwa za Kijerumani, risasi 208,000, na bunduki 1,071 za Waingereza na Wareno. Alijivuna kwamba katika rundo lote hilo hapakuwa na bunduki hata moja ya kisasa ya Kijerumani. Afisa wa Kiingereza aliyepewa kazi ya kuziandika alikuta GR, Enfield, mishale ya serikali yake mwenyewe, na taji la mfalme wa Ureno aliyekwisha uawa. Mtu asiyejua lililotokea, akipewa rundo lile na kuambiwa ataje jeshi lililosalimu amri, angetaja jeshi la washindi.

Basi za Kijerumani ziko wapi? Nyingine ziliharibiwa kwa makusudi, nyingine zilichukuliwa na Waingereza mwaka 1916, nyingine ziliachwa njiani. Leo polisi wanapotangaza kipindi cha kusalimisha silaha kwa hiari, kinacholetwa kwa wingi ni magobore ya mafundi wa vijijini, mtutu ukiwa bomba la maji na kitako kikiwa kipande cha mti, bila alama yoyote. Mhunzi wa gobore hana sababu ya kuweka sahihi. Pakitokea kipande cha zamani kati ya hayo, huenda nacho kikateketezwa na mengine. Sina ugomvi na moto huo, kwa kuwa silaha isiyo na leseni ni kosa na watu wameuawa kwa magobore. Ninachoomba ni dakika tano za mpiga picha kabla kiberiti hakijawashwa, na picha hizo zipelekwe Boma la Iringa, lililogeuzwa makumbusho mwaka 2016.

Kusoma chuma kilichoota kutu kuna taratibu zake. Polisi kwanza wahakikishe hakuna risasi ndani, maana baruti ya zamani haijui kwamba vita vimekwisha. Usitumie msasa wala brashi ya waya, kwa kuwa unachokiondoa ndicho ulichokuja kukitafuta. Paka mafuta mepesi, acha yalegeze kutu, futa kwa kitambaa. Sugua chaki juu ya maandishi, kisha elekeza tochi kwa ubavu ili kila bonde litoe kivuli. Hata namba iliyokwanguliwa na mwizi kwa tupa haijapotea yote. Nyundo inapopiga muhuri, chuma cha chini ya herufi hubanwa zaidi ya kina kinachoonekana. Maabara za uchunguzi hung'arisha mahali hapo, hupaka asidi, na asidi hukila chuma kilichobanwa tofauti na jirani yake. Namba hujitokeza kwa muda, na hapo ndipo hupigwa picha.

Mahali ambapo ningependa ujuzi huo ujaribiwe ni Masoko. Jengo la mawe la Wajerumani bado limesimama kando ya ziwa la Kisiba, lililo ndani ya kreta ya volkano, na sarafu za heller za wakati wao zimeokotwa huko. Wenyeji husimulia kwamba kombania ya 5 ilipoona Northey anakuja ilitupa silaha na mali ziwani. Simulizi hilo linaingia akilini, kwa sababu jeshi linalokimbia halimwachii adui ghala. Ziwa ni refu kwenda chini, na hakuna haja ya kupambana nalo leo wala kesho. Lakini ikitolewa bunduki hata moja, isisafishwe kwa pupa. Ubavu wa kushoto utazamwe kwanza, kutafuta I.G.Mod.71 au Gew. 98, kisha kitako, kisha namba za bolti. Zikipatikana hizo, wazee wa Masoko watakuwa wamepata shahidi wa chuma. Na kama upande wa kulia patasomeka taji, GR, Enfield na mwaka 1917, itabidi atafutwe mtu mwingine aliyesimama ukingoni pale baada ya Wajerumani kuondoka.